Mjomba wa Kila Msiba

Mshauri wetu,

Nakusalimu kutoka Gisenyi, mtaa wa Waswahili, na nakuomba unisome mpaka mwisho hata kama mwandiko wangu unapanda na kushuka, kwa sababu ninaandikia juu ya cherehani iliyofunikwa kitambaa, na cherehani si meza.

Mimi ni mjane. Mume wangu Faradji, fundi wa nguo, alifariki siku sabini na moja zilizopita. Hesabu hii sikosei, maana kila asubuhi nachoma pini moja katika kile kimto kidogo alichokuwa akijifunga mkononi wakati wa kazi, na leo zimo sabini na moja. Zikifika mia moja na thelathini nitakuwa nimemaliza eda yangu. Mpaka siku hiyo niko ndani, na kazi yangu kubwa ni dirisha. Zamani sikuwa mtu wa dirishani, Mungu ananijua, lakini dirisha letu linatazama njia itokayo sokoni kwenda Goma, na ng'ambo ya njia ni nyumba ya Hitimana mpika mikate, na katika siku hizi nimeona mambo ambayo sikuyaona katika miaka kumi na tisa ya ndoa, hata najua ni mbuzi wa nani anayekula maua ya mkewe karani.

Mwezi wa kwanza wa eda, karani huyo alisoma tangazo sokoni, kwa Kinyarwanda na kwa Kiswahili, kwamba vitu vinaibwa mjini, na kila mtu akiona jambo la kutilia mashaka asinyamaze, aende akaseme polisi. Mimi sikuwa sokoni, lakini karani ana sauti kubwa, nikalisikia lote nikiwa nimeketi hapa, nikaona kama ninaambiwa mimi, maana katika mji mzima ni nani mwingine anayekaa kutazama tangu alfajiri mpaka magharibi?

Basi nikatazama. Wiki ile ile nikaona mtu anapima mlango wa msikiti kwa kamba, anapima urefu, anapima upana, anatazama huku na huku, anapima tena. Kwa kuwa siwezi kutoka, nikamtuma Wellars, mume wa dada yangu Languida, mvuvi wa Nyamyumba ambaye akileta samaki hupita kunijulia hali, aende kwa Sajini Harerimana aseme kuna mwizi anataka kuvunja msikiti. Alikuwa seremala. Imamu mwenyewe ndiye aliyemwita, mlango uliingia mchwa.

Siku chache sikumtuma mtu. Kisha nikaona mama mmoja anapita kila asubuhi na kikapu kilichofunikwa, na jioni anarudi na kikapu kile kile, na kwa mwendo wake unaona kabisa uzito haujapungua wala haujaongezeka. Nikajiuliza, ni biashara gani hii isiyouzwa wala kununuliwa? Nikamtuma Wellars aseme magendo yanapita. Askari wakamsimamisha mama wa watu, wakafunua kikapu, akatoka kuku. Alikuwa akimpeleka kuku wake kwa jogoo wa jamaa yake na kumrudisha jioni, kwa sababu kuku yule hakubali kulala ugenini. Kuku akakimbia, akaingia katika hoteli ya Wazungu kule ufukoni, na ikabidi mpishi aape kwanza kwamba hajamtia katika hesabu ya chakula cha mchana.

Wellars anasema siku ile Sajini alivua kofia, akaiweka mezani, akauliza, "Eda ya mama Saidati inabakia siku ngapi?"

"Themanini na kitu, afande."

"Bon. Mungu atusaidiye siye bote."

Sasa ndipo inapoanza shida yenyewe, mshauri, na hii si ya kuku.

Faradji alipofariki nyumba ilijaa watu wa pande mbili. Wa kwake ni watu wa mjini, babu zao walifika na biashara kutoka Ujiji. Wa kwangu ni Wakristo wa ziwani, mimi nilisilimu nilipoolewa. Pande hizi zinapendana lakini hazijuani sana kwa sura. Wanaume walikaa barazani, wanawake tulikaa ndani, katikati ikafungwa shuka ya kijani kuwa pazia. Na huko barazani, tangu siku ya kwanza, akawapo mtu mmoja mrefu mwenye kabuti jeusi na kofia ya kufuma, amekaa kwa kuegemea pazia letu, analia. Alilia vizuri. Sijui niseme vipi, kuna watu wanaolia ili wasikike, na kuna watu wanaolia kama wanaomba radhi, na yeye alilia kwa namna hii ya pili, kila aliyetoka kumwona alirudi ndani ametulia. Watu wakamwita Mjomba. Dada yangu anasema mimi siku zile tatu sikunyamaza hata kidogo, nilimsimulia kila mwanamke aliyeingia habari za marehemu, nikimaliza naanza upya, mpaka wao ndio walionikumbusha nikisahau. Mimi sikumbuki. Nakumbuka tu kwamba kuna mtu alitia chumvi katika chai na sote tukainywa.

Siku ya tatu, baada ya hitima, Mjomba alisogea kwenye pazia akanipa pole, akasema, "Mama, mimi mpaka leo namsikia ndugu yangu akiuambia uzi: karibu, ingia, usione haya."

Mshauri, maneno hayo ni ya Faradji mwenyewe. Tangu ujana macho ya Faradji yalikuwa dhaifu, na jioni, hapa nyumbani, akitunga uzi kwenye sindano alikuwa anakosa na kukosa. Mafundi wengine hutukana. Yeye aliuambia uzi kama mgeni aliyesimama mlangoni, "Karibu, ingia, usione haya," na mara ya tatu au ya nne uzi uliingia, naye akaushukuru. Huko barazani kwake sokoni hakusema hivyo, wateja wangemcheka. Ni jambo la nyumba hii. Kwa hiyo nikajua kwamba Mjomba aliishi na mume wangu zamani, kabla yangu, nikamshukuru Mungu kwamba tuko wawili tunaolikumbuka.

Siku hiyo hiyo ikapotea pasi ya makaa ya Faradji, ile yenye jogoo wa shaba juu ya kifuniko. Nikadhani fundi mwenzake ameiazima. Siku ya arobaini Mjomba alikuja tena, akala, akasoma nasi, na alipotoka mvua ilikuwa inanyesha, nikamwona dirishani anaondoka chini ya mwavuli wa Faradji. Nikasema moyoni, afadhali asilowe.

Sasa, siku kumi zilizopita alifariki mama yake Hitimana, huyu wa mikate. Ni Wakatoliki. Mimi niko dirishani, naona watu wanavyoingia, na nani namwona anaingia? Mjomba, na kabuti lile lile, lakini kofia ya kufuma hakuna, shingoni ana rozari. Alilia vizuri kama kwetu. Jioni alitoka, na ninakuapia, mshauri, aliingia mwembamba akatoka mnene, na upande mmoja wa kabuti ulikuwa na pembe. Kesho yake Hitimana akawa anatafuta taa yake ya karabai.

Nilimwuliza dada yangu kwa upole, "Languida, yule mjomba wenu wa kabuti amebatizwa lini?"

Akanitazama. "Mujomba wetu? Si ule ni mutu wa kwenu, wa Ujiji?"

"Wa kwetu? Kaka yake Faradji aliniambia ni wenu, wa Nyamyumba. Akasema hata, kumbe watu wa ziwani wanajua kulia."

"Ehe. Na mi nilimupatia mapaja mbili za kuku, juu ya vile niliona analia kukupita weye."

Nikamwomba ampitie Hitimana amwulize. Hitimana akajibu bila hata kuacha unga, "Ule ni baba mudogo, wa kule Busasamana." Lakini watu wa Busasamana walipokuja siku ya tatu, Languida akawauliza nao, wakasema, "Hapana, sisi tulizania ni mutu wa mapadri."

Unaona hali yetu. Huku kwetu huwezi kumsimamisha mtu anayelia ukamwuliza, wewe ni nani. Akiwa ndugu wa kweli utaificha wapi sura yako? Kwa hiyo kila upande unamhesabia upande wa pili, naye anapita katikati.

Mambo mawili yananinyima usingizi. La kwanza, dada zake Hitimana wamesema taa ameificha mke wa Hitimana, Mukarugwiza, ili aipeleke kwao, na mimi hapa dirishani namsikia akiapa, na tangu Jumapili haimbi tena akiponda mihogo. La pili, juzi Mjomba amepita njia, amenisalimia vizuri, akasimama chini ya dirisha langu akauliza, "Na mzee Habiyaremye, kifua kinaendeleaje?" Habiyaremye alikuwa nahodha wa meli hapa ziwani, anakaa nyumba ya nne, anaumwa. Nikamjibu anapata nafuu kidogo. Mjomba akasikitika. Nasema alisikitika, mshauri, niliona. Kisha akauliza, "Na ile saa yake ya ukutani, bado inapiga?"

Nataka kusema polisi, na siwezi. Nikituma tena Sajini atacheka, na Wellars mwenyewe amesema anachoka kuwa mjumbe wa kuku. Pia ni aibu, mtu amekulilia mume, nawe unampeleka kwa askari. Lakini hayo yote ningeyavumilia. Kinachonifunga mdomo ni kile kitu kidogo. Mtu huyu akiwa mwizi, basi hakumjua Faradji, na kama hakumjua, yale maneno ya uzi aliyatoa wapi? Siku hizi nikijaribu kusikia sauti ya mume wangu ikiyasema, nasikia sauti ya Mjomba kupitia pazia, na mara nyingine nawaza labda Faradji hakuyasema kamwe, labda ni mimi, kwa majonzi, nimeyapokea tu kwa mgeni nikayafanya yangu. Nikimshitaki, naogopa askari watachukua na hilo. Pasi nimeshaisamehe.

Gazeti lenu hutufikia kwa boti kutoka Bukavu, limechelewa wiki mbili na linanuka samaki, lakini naona huwajibu watu bila kuwacheka sana. Nijibu na mimi. Leo nimechoma ya sabini na moja.

Saidati, mjane wa Faradji fundi

*

Mama Saidati,

Pole kwa msiba. Naisema pole hii mapema na kwa moyo wangu wote, kwa sababu baada yake nitakugombeza.

Tuanze na kuku. Macho yako yaliona nini? Yaliona mama, kikapu, asubuhi, jioni, na uzito usiobadilika. Yote yalikuwa kweli, na ninakuambia ni askari wachache wanaoweza kukisia uzito wa kikapu kwa mwendo wa mwenye kukibeba. Kisha ukaongeza neno moja, "magendo", na hilo peke yake ndilo lililokuwa si kweli, na hilo ndilo ulilompa Wellars alipeleke. Kwa seremala ni vile vile. Uliona mtu na kamba, ukatuma mwizi. Wewe umekaa dirishani kama shahidi, lakini ukifungua mdomo umeshakuwa hakimu, na kazi ya uhakimu ina mwenyewe. Tangazo halikukuomba ujue. Lilikuomba useme ulichokiona kikakutia mashaka: mtu gani, amevaa nini, siku gani, ametoka wapi, amekwenda wapi. Ungetuma hivyo, Sajini angemwuliza imamu swali moja na kurudi kunywa chai, na kuku asingejua kwamba kuna hoteli.

Lakini usiniambie kwamba kwa sababu ulikosea mara mbili huna haki ya mara ya tatu. Sajini akicheka, acheke. Hajafa mtu kwa kucheka, na akimaliza ataandika, kwa sababu safari hii unacho cha kuandikwa. Nimeisoma barua yako na kalamu mkononi. Mtu mrefu, kabuti jeusi. Kwenu ana kofia, kwa Hitimana ana rozari. Siku ya tatu aliyokuwa kwenu, pasi ikaondoka. Siku ya arobaini, mwavuli, na huo uliuona mwenyewe kwa macho yako ukamtakia heri njiani. Kwa Hitimana aliingia mwembamba akatoka mnene wenye pembe. Pande nne za jamaa zimeulizwa na hakuna hata mmoja anayemjua. Na sasa anahuzunika mgonjwa akipata nafuu. Peleka hayo, kama yalivyo, na uishie hapo. Usimwite mwizi. Mimi pia simwiti mwizi. Namwita mtu mwenye dini mbili na kabuti moja, na nataka Sajini amwulize kwa nini.

Wala usipaze sauti dirishani. Ukipaza, vijana wa sokoni watamkamata mrefu wa kwanza mwenye kabuti na kumpiga kabla ya kumwuliza jina, na kesho tutakuwa na msiba mwingine ambao Mjomba atauhudhuria. Mambo haya aambiwe Sajini tu, na watu wa nyumba ya Habiyaremye. Hao usiwaambie kwamba mzee wao anangojewa. Waambie saa iondolewe sebuleni ihamie chumbani kwake, ipige karibu na sikio lake. Manahodha hawapendi kelele wasizoziamuru, huenda ikampandisha hasira akapona.

Unasema ni aibu kumwuliza mtu anayelia kwamba yeye ni nani. Ni kweli, na mimi nisingependa kuishi katika mji ambao hauoni aibu hiyo. Basi asiulizwe yeye. Siku ya msiba, mzee mmoja wa upande wa mume na mzee mmoja wa upande wa mke wakae mlangoni pamoja, bega kwa bega, wapokee wageni kwa heshima. Mgeni akiingia, wazee wawili watazamane. Kama mmoja ametabasamu kwa kumjua, vema. Kama wote wawili wanangoja mwenzake atabasamu, mmoja amshike mgeni mkono amkalishe mbele kabisa, mahali pa heshima, palipo mbali na vyombo. Hakuna aliyetukanwa, na pasi imebaki. Hiyo haiwahusu watu wa Gisenyi peke yao. Wasomaji wangu wa Bukavu, Goma na Usumbura, mnaojua wenyewe ni vijiko vingapi vilivyokwenda na waombolezaji, mnanisikia.

Sasa lile ninalokugombezea hasa. Unaandika kwamba pasi umeisamehe. Pasi ni yako, una haki. Lakini taa ya Hitimana si yako kuisamehe, na jina la Mukarugwiza si lako kabisa. Mwanamke yule anaapa ng'ambo ya njia, hatua ishirini kutoka kwako, juu ya jambo ambalo wewe umeliona na yeye hakuliona. Umesikia ameacha kuimba. Wewe ndiwe mtu pekee mjini mwenye dawa ya hilo, nawe umeifungia kwenye kimto cha pini. Upole wako ni mzuri, mama, lakini angalia unamwangukia nani. Kwa sasa unamfunika mtu wa kabuti na kumwacha jirani yako anyeshewe.

Majibu haya nimekupelekea kwanza kwa mkono wa mtu wa boti, kabla ya kuyachapa, kwa sababu mtu anayefuatilia vifo kwa bidii namna hii huenda anausoma na ukurasa huu. Ukayaona gazetini, ujue majina yote nimeyabadilisha, isipokuwa la kuku, ambaye hukunitajia lake. Nawe Mjomba, kama umelishika gazeti hili, mvua za kwenu nazijua na sikulaumu kwa kupenda mwavuli. Urudishe ukauke.

Limebaki la uzi. Nimeliacha la mwisho kwa sababu ndilo lililokufanya ushike kalamu, mengine yote umeyazungushia tu.

Mama Saidati, isome barua yako mwenyewe. Umeandika kwamba siku tatu zile hukunyamaza. Umeandika kwamba kila mwanamke aliyeingia ulimsimulia habari za Faradji, ukamaliza, ukaanza upya. Umeandika kwamba kati ya ndani na baraza palikuwa na shuka moja ya kijani. Na umeandika nani alikuwa ameegemea shuka ile tangu siku ya kwanza. Mwite Languida umwulize swali moja: katika mambo niliyosimulia, lilikuwamo la uzi? Mimi sijafika Gisenyi na simjui dada yako, lakini najua atakavyokujibu, na huenda akakutajia ni mara ngapi.

Mtu yule hakukuletea kitu. Alikichukua kwako siku ya kwanza, kama alivyochukua pasi, akakurudishia siku ya tatu kupitia pazia kana kwamba ni zawadi yake, nawe ukamshukuru. Maneno hayo yalitoka kwa mume wako yakaingia kwako, na kutoka kwako yakamfikia mwizi. Angalia, sasa na mimi nimekuwa hakimu, nisamehe. Kwa hiyo askari hawana la kukuchukulia. Wakimkamata watapata pasi, watapata taa, labda na mwavuli, lakini la uzi halitakuwamo katika orodha yao kwa sababu halijatoka nyumbani kwako hata siku moja. Faradji aliyasema. Uliyasikia wewe. Ile sauti ya Mjomba ikikujia sikioni, iache ipite, ilikuwa inasoma tu kilichoandikwa na mwingine.

Basi fanya hivi. Kesho asubuhi, kabla hujachoma pini ya siku hiyo, mtume Wellars kwa Sajini, na safari hii asipeleke habari yoyote, amlete Sajini mwenyewe. Kama una wasiwasi wa eda, imamu wako yuko jirani na mlango wake ni mpya, mwulize, naye akae nanyi awe shahidi. Ifunge tena ile shuka ya kijani. Shuka iliyoweza kupeleka maneno yako kwa Mjomba itaweza kuyapeleka kwa serikali. Mwekee Sajini kiti barazani, mahali pale pale alipokaa yule, na Hitimana akae pembeni yake asikie kwa masikio yake kwamba mkewe hakuchukua taa. Sajini atakuwa anaona haya, maana alikucheka. Atasimama mlangoni akigeuza kofia yake, hajui aanze vipi.

Mwambie wewe, kwa sauti yako, yale maneno ya uzi unayoyajua. Akikosa mara ya kwanza, mwambie tena.

Mshauri wako